Walipotelea Wapi? Paris 1858 na Makosa ya Ufunguzi ya Mchezaji wa Klabu

Mchezo mmoja wa sataranji ulichezwa Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera, waimbaji wakiendelea na kazi yao jukwaani. Upande mmoja wa ubao alikaa kijana wa miaka 21 kutoka New Orleans, Paul Morphy. Upande wa pili walikaa mabwana wawili walioshauriana kabla ya kila hatua: Duki Karl wa Brunswick na Comte Isouard de Vauvenargues. Hatua kumi na saba zilitosha. Tangu siku hiyo walimu wa sataranji wamekuwa wakiwaonyesha wanafunzi wao mchezo huo, na mara nyingi huwapeleka moja kwa moja kwenye mwisho wake: malkia mweupe anajitoa kafara, farasi mweusi analazimika kumla, ngome nyeupe inapanda hadi d8, na mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Chekimeti.

Mwisho huo ni mzuri, na anayeuona kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangaa. Lakini mchezaji wa klabu anayefika Jumamosi mchana na ubao wake wa kukunja kwapani hafanani na Morphy. Anafanana na Duki na Comte. Anajua kete zinavyokwenda, anajua majina ya funguzi mbili tatu, ana hamu ya kushinda, na ikifika hatua ya kumi anajikuta amebanwa kila upande asijue amebanwa tangu lini. Ndiyo maana leo naomba tukae upande wa Weusi. Tuwafuate wale mabwana wawili hatua kwa hatua, tuulize kila waliposogeza kete walikuwa wanatafuta nini. Makosa yao hayakuwa ya kijinga. Karibu kila moja lina sababu inayoeleweka, na makosa ya namna hiyo ndiyo magumu kuyaacha.

Kwanza tuwajue wenyewe. Morphy alizaliwa mwezi Juni 1837. Mwaka 1857 alishinda mashindano ya kongamano la kwanza la sataranji la Marekani, yaliyofanyika New York. Alikuwa amehitimu sheria lakini umri haukumruhusu bado kufanya kazi ya uwakili, akavuka bahari kwenda kuwatafuta mabingwa wa Ulaya. Huko Paris, Septemba 1858, katika mkahawa wa Café de la Régence, alipambana na wapinzani wanane kwa wakati mmoja bila kutazama ubao hata mmoja. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemshinda Mjerumani Adolf Anderssen, aliyehesabiwa na wengi kuwa mchezaji bora wa Ulaya.

Duki Karl alikuwa mtawala asiye na nchi. Watu wake walimfukuza Brunswick mwaka 1830, naye akaishi uhamishoni akiwa na mali nyingi. Alipofariki mwaka 1873 aliuachia urithi wake mji wa Geneva. Paris alikuwa na kibanda chake maalumu katika jumba la opera, na sataranji aliipenda sana. Inasimuliwa kwamba Morphy, aliyependa muziki, aliketishwa akiwa ameupa mgongo ukumbi wa waimbaji, akabaki na ubao tu. Comte Isouard alikuwa mtukufu wa Kifaransa. Wote wawili walicheza kwa kupenda, si kwa riziki, kama wanavyocheza wanachama wengi wa klabu zetu.

Sasa toa ubao upange kete. Kumbuka miraba ina herufi a hadi h kutoka kushoto kwenda kulia ukitazama kutoka upande wa Weupe, na namba 1 hadi 8 kutoka kwa Weupe kwenda kwa Weusi. Morphy ana Weupe.

Askari mweupe anakwenda e4, mweusi anajibu e5. Farasi mweupe anatoka f3 na kumtishia askari wa e5. Weusi wanamlinda kwa kusogeza askari mwingine d6. Ufunguzi huu una jina la François-André Philidor, Mfaransa aliyetoa kitabu cha sataranji mwaka 1749 na kuwapa askari wadogo heshima ambayo hawakuwa nayo kabla yake. Philidor alikuwa pia mtunzi wa opera, kwa hiyo jina lake lilistahili kuwamo katika jumba lile usiku ule. Hatua ya d6 si kosa. Inamlinda askari kwa uimara, ila inamzibia njia askofu wa f8, na anayeichagua anapaswa kujua kwamba amekubali nafasi finyu kwa muda. Mabingwa wanaicheza hadi leo.

Hatua ya tatu Morphy anasogeza askari d4. Hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa mchezo wote unageukia hapa. Askari huyo ameleta swali: e5 sasa anashambuliwa na wawili, farasi wa f3 na askari wa d4, na analindwa na mmoja tu, askari wa d6. Lazima Weusi watoe jibu. Wanaweza kumla askari wa d4. Wanaweza kumtoa farasi f6 na kumshambulia e4. Wanaweza kumleta farasi d7 ili e5 apate mlinzi wa pili. Duki na Comte wakamleta askofu g4.

Nimeona askofu huyo akienda g4 katika michezo mingi ya klabu, na najua kwa nini anapendwa. Anamfunga farasi: farasi akitoka f3, malkia wa d1 analiwa. Ni hatua yenye ukali, inampa mchezaji hisia kwamba yeye ndiye anayeshambulia. Tena inaonekana kama jibu kamili, maana farasi aliyefungwa, mtu anajiambia, hawezi kumla askari wa e5. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Kufunga kete kunafanya kazi maadamu kile kilicho nyuma yake bado kipo. Malkia akiondoka mahali pake, kamba imekatika.

Na Morphy akaikata kwa hatua moja: askari wa d4 akamla e5. Weusi wakirudisha kwa kumla askari huyo kwa d6, malkia mweupe anamla malkia mweusi pale d8 kwa cheki, mfalme anamla malkia huyo, na sasa malkia hayupo d1 tena wa kulindwa. Farasi wa f3 yuko huru. Anaruka e5, anamla askari bure, na papo hapo anawatishia askofu wa g4 na askari wa f7. Mabwana wale waliliona hilo, kwa kuwa walikuwa si wageni wa mchezo. Kwa hiyo ilibidi kwanza wamle farasi wa f3 kwa askofu. Malkia mweupe akamla askofu huyo, ndipo Weusi wakamla askari wa e5.

Askari wako sawa sasa? Ndiyo, na hesabu ya haraka kama hiyo ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu kweli hakuna aliyepoteza kitu: kila upande una askari saba, kila upande umetoa kete moja kubwa. Tatizo haliko kwenye idadi, liko kwenye muda. Askofu mweusi alitumia hatua mbili, kwenda g4 na kula f3, kisha akatoweka ubaoni. Farasi mweupe aliyekufa alikuwa ametumia hatua moja tu. Zaidi ya hapo, kwa kumla askofu, malkia mweupe ametoka nyumbani akiwa hajapoteza zamu. Weupe wamebaki na maaskofu wawili dhidi ya mmoja, na ubao umefunguka katikati, mahali ambapo maaskofu wana nguvu kubwa. Ni hasara ndogo. Mtu anaweza kuibeba hadi mwisho wa mchezo na kupata sare. Lakini mchezo wa Weusi kuanzia hapa una deni, na wenye deni hawana nafasi ya anasa.

Wapo wanaosema mchezaji wa klabu aache kabisa kumpeleka askofu g4 mapema. Sikubaliani nao. Kumfunga farasi ni silaha halali. Kinachotakiwa ni kuuliza kwanza: farasi akiamua kuruka hata hivyo, kutatokea nini? Mfaransa mwingine, Légal, aliyekuwa mwalimu wa Philidor, ameacha jina lake katika mtego unaojibu swali hilo kikatili. Anza vilevile: e4, e5, farasi f3, d6. Safari hii Weupe wanamtoa askofu c4, Weusi wanamleta askofu g4, Weupe wanamtoa farasi wa pili c3, na Weusi wanapoteza zamu kwa kusogeza askari g6. Farasi wa f3 anaruka na kumla e5, akimwacha malkia wake aliwe. Weusi wakimla malkia, askofu mweupe anamla f7 kwa cheki, mfalme anakwenda e7, farasi wa pili anatua d5, na mchezo umekwisha katika hatua ya saba. Kama Weusi wangekataa malkia na kumla farasi wa e5, malkia mweupe angemla askofu wa g4 na Weupe wangebaki na faida ya askari mmoja. Tangu enzi za Légal hadi usiku ule wa opera ilikwishapita miaka mingi, na askofu wa g4 alikuwa bado anaaminiwa kupita kiasi. Anaaminiwa hata sasa.

Turudi Paris. Hatua ya sita Morphy anamtoa askofu c4. Tishio ni la wazi: malkia wa f3 amle f7, chekimeti. Weusi wanamtoa farasi f6, anauziba mstari wa malkia. Ni hatua ya kawaida kabisa, inatoa kete na inazuia tishio. Wengi wetu tungeicheza bila kufikiri, na neno la kuangalia hapo ni hilo la kutofikiri. Farasi amejibu tishio lililopo. Hajajibu lile litakalofuata. Malkia akihama b3, askofu na malkia wanapanga mstari mmoja kuelekea f7, na wakati huohuo malkia anamtazama askari wa b7 aliyebaki bila mlinzi tangu askofu wa c8 aondoke kwenda zake g4. Huo ndio ubaya wa kosa la hatua ya tatu: malipo yake yamekuja hatua ya saba, mbali na pale lilipotendeka. Mchezaji akija kuutazama mchezo wake baadaye atalaumu hatua ya saba, ilhali mlinzi wa b7 aliuzwa zamani.

Kama ningekuwa nimekaa nyuma yao ningependekeza malkia aende d7 hatua ya sita, kumlinda f7. Malkia mweupe akija b3, askari mweusi anakwenda c6, njia ya c7 inafunguka, na malkia wa d7 anamlinda b7 pia. Si hali ya kufurahisha, ila hakuna kinacholiwa.

Morphy kweli alimpeleka malkia b3. Weusi wakajibu malkia e7. Nao walikuwa na hesabu yao, tena nzuri: malkia mweupe akimla b7, malkia mweusi anashuka b4 kwa cheki na kulazimisha malkia wabadilishwe. Weusi wangepungukiwa askari mmoja, lakini shambulio lingekufa. Gharama ya hatua hiyo inaonekana mara moja ukimtazama askofu wa f8. Alikuwa amezibwa na askari wa d6, askari huyo akaondoka, na kabla hajapumua akazibwa na malkia wake mwenyewe. Askofu huyo hakusogea hadi mchezo ulipokwisha. Ngome ya h8, jirani yake, nayo haikusogea. Weusi walicheza mchezo mzima wakiwa wamefungia nguvu yao kubwa chumbani.

Hapa Morphy alifanya jambo ambalo vitabu vinalisifu: hakumla b7. Alimtoa farasi c3. Alipendelea kuendelea kutoa kete kuliko kuchukua askari na kubadilishana malkia. Sina ubishi na uamuzi wake, kwa kuwa alijua anachokwenda kufanya. Lakini mchezaji wa klabu akiniuliza yeye afanye nini, namwambia amle askari yule, abadilishane malkia, kisha ajifunze kushinda mwisho wa mchezo akiwa na askari wa ziada. Ni kazi ya subira, haina makofi, na itamwongezea pointi nyingi zaidi kwa mwaka kuliko kafara za malkia. Walimu wanaomfundisha mtoto aliye na miezi mitatu tu kwenye mchezo kwamba kula askari ni uchoyo wanamwandalia vilio vya bure.

Hatua ya nane Weusi walisogeza askari c6. Sababu ipo: sasa malkia wa e7 anaona b7 kwa kupitia c7 iliyo wazi. Tundu limezibwa, lakini kwa askari mwingine, na hakuna kete iliyotoka. Morphy akamleta askofu wa pili g5, akamfunga farasi wa f6 mbele ya malkia wake.

Weka mkono chini hapo, usisogeze kitu, hesabu. Weupe wametoa maaskofu wawili, farasi na malkia, na zamu ijayo mfalme anaweza kuingia ngomeni upande wa malkia, ile hatua ya mfalme kuhama miraba miwili na ngome kumruka, ambayo pia ingeiweka ngome kwenye mstari wa d ulio wazi. Weusi wametoa farasi mmoja, naye amefungwa. Malkia wao ametoka hatua moja tu kwenda kuziba mlango. Farasi wa b8, askofu wa f8, ngome zote mbili, wote nyumbani. Mfalme katikati ya ubao, mstari wa d kando yake hauna hata askari mmoja.

Mtu mwenye hali kama hiyo hutakiwa kufanya kitu kimoja cha unyenyekevu: kutafuta njia ya kupunguza hatari hata kama hatua yenyewe haipendezi. Malkia kurudi c7, kwa mfano. Ni kukiri kwamba kwenda e7 hakukufaa. Lakini pale c7 bado anawalinda b7 na f7, farasi hayuko tena mbele ya malkia, na askofu wa f8 anapata mlango. Weupe wangebaki na mchezo bora kwa mbali, na Weusi wangebaki hai.

Walisogeza askari b5. Mimi naliita hili kosa kubwa la usiku ule kuliko hata g4, na ndilo linalonigusa zaidi kwa sababu nalifahamu moyo wake. Umekuwa ukijibu, ukijibu, ukijibu tangu hatua ya tatu. Kila zamu mpinzani anauliza na wewe unaziba. Kisha unaona nafasi ya kumsukuma askofu wake mkali kwa askari mdogo, yeye ndiye arudi nyuma kwa mara ya kwanza. Mkono unakwenda wenyewe. Hata hoja ya kiufundi ipo: askofu akiondoka c4, malkia wa e7 hatalazimika tena kumlinda f7. Hoja hiyo inasahau jambo moja, kwamba anayesogeza askari mbele ya mfalme asiye ngomeni anafungua milango ya nyumba yake mwenyewe, na anayenufaika na milango iliyofunguliwa ni yule ambaye watu wake wako nje tayari.

Nadhani kushauriana nako kuliwaponza. Nimeona hivyo klabuni watu wawili wanapocheza kwa pamoja: mmoja anapendekeza hatua kali, mwenzake anaona haya kupendekeza ya woga. Wanajadili hatua zao wenyewe kwa kirefu, na swali la mpinzani anataka nini halipati mtu wa kulisimamia.

Morphy hakurudi nyuma. Farasi wa c3 akamla askari wa b5, askari wa c6 akamla farasi, askofu wa c4 akamla askari huyo kwa cheki. Weupe wametoa farasi na kupata askari wawili, na mfalme mweusi yuko katikati bila ukuta. Weusi wakamweka farasi wa b8 pale d7 kuziba. Mfalme mweupe akaingia ngomeni upande wa malkia, na ngome ikatua d1 ikimtazama d7. Sasa farasi wa d7 amefungwa na askofu wa b5, farasi wa f6 amefungwa na askofu wa g5, na hakuna anayeweza kumsaidia mwenzake bila kuacha kitu. Ngome ya a8 ikaja d8 kusaidia. Ngome nyeupe ikamla d7, ngome nyeusi ikamla hiyo, na ngome ya pili ya Morphy ikaja d1 kuchukua nafasi ya ile iliyokufa. Sehemu hii mchezaji ataifurahia mwenyewe kwenye ubao, sina haja ya kuikokota. Malkia mweusi akaenda e6 kutafuta kubadilishana, askofu mweupe akamla d7 kwa cheki, farasi wa f6 akamla askofu, malkia mweupe akapanda b8 kwa cheki, farasi hana budi amle, ngome d8. Askofu wa g5, aliyeonekana amesimama tu, anailinda ngome hiyo na kumzuia mfalme asikimbilie e7.

Mwishoni Weusi wana malkia, ngome, askofu na farasi. Weupe, ukiacha mfalme na askari, wana ngome moja na askofu mmoja.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya tabia niliyoiona ikikua katika klabu zetu, ya kuikabidhi simu kazi ya kuuchambua mchezo. Mchezo unapoisha tu, mtu anaingiza hatua zake kwenye programu, mstari mwekundu unatokea pale alipokosea, programu inamwonyesha hatua bora, anatikisa kichwa, anafunga simu. Programu hizo ni neema kubwa. Lichess, iliyoanza mwaka 2010, inampa kijana wa Mbeya au Kisumu bila malipo nguvu ya uchambuzi ambayo Morphy mwenyewe hakuwa nayo. Lakini programu inakuambia hatua ya tisa ilikuwa mbaya. Haikuambii kwamba uliicheza kwa kuchoka kujihami. Hilo unalijua wewe, na unalijua kwa saa chache tu baada ya mchezo. Kesho utakuwa umelisahau.

Kwa hiyo nashauri karatasi itangulie simu. Mchezo unaporekodiwa, andika pembeni ya hatua zako neno moja au mawili la ulichokuwa unakitaka, hata kama ni la aibu: “nilitaka kumfukuza”, “niliogopa f7”, “sikuona”. Kisha ukae na mpinzani wako yuleyule dakika ishirini, kabla hajapanda daladala, mkaurudie mchezo kuanzia mwanzo. Muulize alikuwa anaogopa hatua ipi. Mara nyingi utagundua aliogopa hatua ambayo hukuifikiria kabisa, na tishio lililokunyima raha wewe yeye hakuwa nalo akilini. Baada ya hapo fungueni simu. Mstari mwekundu utawakuta mna maswali ya kuuliza.

Tena mtafute kosa nyuma ya pale linapouma. Ukiwa umepoteza kete hatua ya kumi na mbili, rudi hadi uone kete ile iliachwa na mlinzi wake lini. Katika mchezo wa Paris askari wa b7 alitishiwa hatua ya saba na mlinzi wake alikuwa ameondoka hatua ya tatu. Mfalme alikufa hatua ya kumi na saba, na askofu aliyekuwa amemzibia njia ya kuingia ngomeni hakuwa ametoka hata siku moja. Ukiwahesabia Weusi hatua zao tisa za kwanza utaona tano ni za askari, mbili ni za askofu ambaye hayupo tena, moja ya farasi na moja ya malkia. Hesabu hiyo haihitaji kipaji wala kitabu. Mtoto aliyeanza juzi anaweza kuifanya kwenye mchezo wake mwenyewe kwa vidole.

Na kukariri funguzi? Vijana wengi wanadhani dawa ya kushindwa mapema ni kujua mistari kumi na tano ya kila ufunguzi. Sidhani Duki na Comte walikosa kumbukumbu. Hatua ya d4 iliwauliza swali la wazi, askari wa e5 analindwaje, nao wakajibu swali jingine. Aliyekariri naye atafika mahali kumbukumbu zake zinapokatika, na hapo atabaki na kipimo kilekile: hatua hii inauliza nini, na nikijibu hivi ni kete gani nimeiacha peke yake.

Jibu la moja kwa moja lilikuwepo. Hatua ya tatu, askari wa e5 amle d4. Farasi mweupe akimla askari huyo, farasi mweusi anatoka f6 na kumtishia e4. Weupe wanamtoa farasi c3 kumlinda, askofu mweusi anakwenda e7, na zamu inayofuata mfalme anaingia ngomeni. Weupe wana nafasi kubwa kidogo katikati, Weusi wana nyumba iliyofungwa vizuri na hawadaiwi kitu. Mwaka uleule, katika mji uleule, Daniel Harrwitz, aliyeishi kwa sataranji, alikutana na Morphy katika ufunguzi huuhuu na akachagua kumla d4. Morphy akamla askari kwa malkia badala ya farasi, mchezo ukaendelea mbali sana kupita hatua ya kumi na saba. Harrwitz naye alishindwa, ila safari hii Morphy alilazimika kuufanyia kazi ushindi wake.